Makalda Amerudi Mweusi

Homa Bay, kando ya ziwa
2 Machi 2024

Kwa mtoto wangu Emmaculate,

Salamu nyingi kwako na kwa nyumba yako yote. Kikohozi cha mjukuu wangu Liz kimeisha? Na mguu wako, daktari amesema plasta inatolewa lini? Mama yako hajafurahia kabisa hizo ngazi za shule yenu zilizokuangusha. Mimi afya yangu ni ya kuonewa wivu. Goti la kushoto hulalamika asubuhi, lakini nikishalisimamisha linafuata amri.

Naandika kwa Kiswahili wala si kwa Kijaluo kwa sababu bwana yako Nyabuto ni Mkisii, na sitaki siku moja aokote barua mezani aanze kujiuliza mama mkwe anamsema nini. Asome tu. Simu ninayo, lakini nikipiga anapokea yeye, na mimi siwezi kuzungumza na mkwe nikiwa nimekaa vibaya na leso haijafungwa. Barua inanipa nafasi ya kuvaa vizuri. Nimempa Terry, yule mchuuzi wa dagaa, aiweke juu ya gunia lake la omena, ikifika Uriri inanuka samaki usikasirike, ni harufu ya kwenu.

Sasa sikiliza. Alhamisi akina mama wa kanisa walikuwa kwa Pauline, yule jirani wetu wa juu kilimani. Mimi katika mazungumzo nikasema Makalda wetu ana miaka mia. Sikusema kwa majivuno, nilisema tu. Pauline akaweka kikombe chini akasema, "Leonida, kobe yule hafiki hata thelathini, na tena ni kobe wa kawaida tu." Mbele ya mke wa pasta. Nikamwambia, dada yangu, mtoto wangu anafundisha sayansi, yeye ndiye ataandika kwa wino ni kobe wa aina gani na ana miaka mingapi. Kwa hiyo andika. Na herufi ziwe kubwa, macho ya Pauline si kama yangu.

Huku mvua inajaribujaribu. Ziwa limesogea kidogo, limekunywa shamba la viazi la chini. Linapita tu, kama miaka ile.

Ni mimi mama yako,
Leonida


Uriri, Migori
9 Machi 2024

Mama mpendwa,

Tumepokea salamu zako zikiwa na harufu yake yote. Liz amepona na anakuuliza wewe. Mguu bado uko kwenye plasta, natembea kwa magongo kama mzee wa kijiji, na darasani wananiita "Madam Miguu Mitatu" wakidhani sisikii. Nyabuto amesoma barua yako, akasimama wima mpaka mwisho. Anakusalimu kwa heshima zote.

Mama, umri wa kobe hauandikwi kwa kukisia, hata kama ni wa kumkomesha Pauline. Lazima unisaidie. Kwenye gamba lake kuna vipande, na kila kipande kina mistari inayozunguka, mmoja ndani ya mwingine. Chagua kipande kimoja cha juu mgongoni, hesabu mistari kutoka katikati kwenda nje. Kisha pima gamba kwa kamba kutoka shingoni mpaka mkiani, unitumie kamba yenyewe. Niambie miguu yake iko vipi, kama ni mizito kama kinu au ina vidole vyenye ngozi katikati kama bata. Ukimgusa, kichwa anakirudisha ndani moja kwa moja au anakikunja kando? Na umgeuze taratibu uangalie tumbo, kama ni kigae kimoja kigumu au kuna mahali panapocheza kama bawaba ya mlango. Mimi namkumbuka Makalda, lakini kumbukumbu ya mtoto siwezi kuiandika kwa wino.

Na wewe nijibu hili bila kuzunguka: maji yamefika wapi? Nimesikia redioni kwamba ziwa linapanda kila wiki na watu wa ufuoni wanaambiwa wahame kabla ya masika. Shamba la viazi liko karibu sana na nyumba. Nikifikiria wewe peke yako humo ndani usingizi unakataa.

Binti yako,
Emmaculate


Homa Bay, kando ya ziwa
23 Machi 2024

Mwalimu wangu,

Nashukuru kusikia mko wazima. Hao watoto wa darasa lako uwape hesabu ngumu, watakosa muda wa kuita watu majina. Mimi niko sawa, hata mke wa pasta alisema nimenenepa.

Nimefanya kazi yako. Mistari ilikuwa haionekani vizuri, nikampaka Makalda unga wa mahindi mgongoni, nikapangusa, unga ukabaki kwenye mitaro, ikaonekana safi kama mistari ya daftari. Nilimwita Pauline awe shahidi. Mimi nikapata ishirini na sita. Yeye akapata ishirini na nne. Tukaanza tena, kuku wakaja wakaanza kumdonoa yule maskini kwa ajili ya unga, Pauline akawa anafukuza kuku na kuhesabu, akapotea. Katikati kabisa ni laini kama jiwe la kusagia, hakuna mstari. Kamba hii hapa. Miguu ni kinu kabisa. Kichwa anarudisha moja kwa moja, kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Tumbo ni gumu lote, hakuna bawaba. Rangi unaijua, ya njano na madoa meusi. Anakula sukuma wiki na maua ya uani, nyama haangalii.

Basi acha nikukumbushe alivyokuja, kwa sababu wewe ulikuwa bado hujazaliwa. Baba yako Barnabas alikuwa amekwenda Macalder kuchimba dhahabu. Wanaume wa hapa waliondoka kundi zima, wakaniambia nijiandae, nitavaa hereni. Miezi ikapita. Siku moja jioni nikamwona anapanda njia, amekonda, koti limefunika kitu kifuani. Nikasema moyoni, leo. Nikapangusa kiti. Akakaa, akafungua koti, akatoa kobe wa ukubwa wa sufuria ndogo ya chai. Akasema alimkuta kwenye shimo lililoachwa, anazunguka hawezi kutoka, na yeye mwenyewe alikuwa amezunguka hivyo hivyo mwaka mzima, ndipo wakatoka pamoja. Nilitaka kukasirika, nikashindwa, nikaanza kucheka, na yeye akacheka mpaka akakohoa. Tukamwita Makalda, kwa jina la machimbo yale. Wanaume wengine walileta dhahabu yao ikaisha kwa mwezi. Yetu iko hai mpaka leo, inakula sukuma.

Kuhusu maji, ziwa liko pale kwenye ua wa katani. Redio inapenda kutisha watu.

Ni mimi mama yako,
Leonida


Uriri, Migori
30 Machi 2024

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na mkavu. Nimecheka ile ya kuku mpaka Nyabuto akaja kuangalia kama nimeanguka tena.

Haya ndiyo ya Pauline, nimeyaandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya pili. Makalda ni kobe wa nchi kavu, yule mwenye madoa kama ya chui. Kuhusu umri, ile mistari si siku za kuzaliwa. Mstari unajiandika msimu wa kushiba ukiisha na wa njaa ukianza, na huku kwetu kuna mvua mbili kwa mwaka. Mwaka mmoja unaweza kumwachia mistari miwili, mwaka mbaya usimwachie wowote, na ile ya utotoni imeshasuguliwa ikaisha, ndiyo maana katikati ni laini. Ushahidi mzuri kuliko gamba ni wewe. Baba alimleta kabla sijazaliwa, na mimi nina arobaini sasa, naye tayari alikuwa sufuria ya chai, na kobe hafiki sufuria ya chai kwa mwaka mmoja. Nimeandika: "Zaidi ya arobaini na tano, huenda hamsini." Mia sikuweza, Mama, hata kwa mapenzi. Lakini Pauline ameshindwa.

Sasa jambo langu. Wewe mwenyewe uliniambia zamani ua wa katani baba aliupanda hatua chache kutoka jikoni. Kama ziwa liko kwenye katani, liko mlangoni. Nyabuto amesema uje hapa. Kuna chumba, tumekipaka rangi. Makalda tumfungie kona ya uani, nyasi zipo, yeye hahitaji maji mengi. Ningekuja kukuchukua mwenyewe kama mguu ungekuwa wangu. Sema ndiyo kabla ya masika kukolea.

Binti yako,
Emmaculate


Homa Bay, kando ya ziwa
14 Aprili 2024

Mwanangu Emmaculate,

Habari za huko? Sisi huku tunaendelea. Karatasi ya Pauline nilimsomea kanisani nje, baada ya ibada, kwa sauti ya kawaida. Waliosikia walisikia. Akasema, "Huenda hamsini, Leonida, huenda." Nikamwambia huenda ya mwalimu ni nzito kuliko hakika ya mtu asiyejua.

Kuhusu kuja, mwambie bwana yako Mungu amzidishie. Mimi wakwe wa watu nawajua, wengine hata salamu ni shida. Lakini Emmaculate, mimi nilale chini ya paa la mkwe? Nisikie akikohoa, na yeye asikie mimi nikikoroma? Nioge kwenye bafu moja na yeye? Hata kwao Wakisii hilo halifanyiki, muulize mama yake. Nikija kwenu nakuja asubuhi na kuku mkononi, nakaa kwenye kiti cha mgeni, jioni narudi kwangu. Hivyo ndivyo mama wa binti anavyokuja.

Na kitu kingine. Baba yako amelala hapa, chini ya msalaba wake. Mimi ndiye ninayefagia pale. Nikiondoka, ataamka asubuhi atazame mlango wangu, aone nini?

Usiwe na wasiwasi. Nimeinua kitanda kidogo kwa matofali, ni kwa ajili ya siafu.

Ni mimi mama yako,
Leonida


Uriri, Migori
5 Mei 2024

Mama,

Sijui kama barua hii itakufikia. Nimepiga simu yako tangu wiki ya mwisho ya Aprili, haipatikani. Terry anasema umekuwa ukimpa mzigo barabarani juu, humruhusu ashuke nyumbani, na mara mbili hukutokea kabisa. Mvua haijakoma hapa na najua haijakoma huko.

Andika hata mstari mmoja. Niambie unalala wapi.

Emmaculate


Homa Bay, kando ya ziwa
12 Mei 2024

Kwa mtoto wangu mwenye wasiwasi,

Mimi mzima, usinililie. Simu imekosa mahali pa kuchajiwa tu, umeme wa Pauline umekatika na yeye ndiye mwenye nyaya. Wewe je? Magongo umeyaacha? Liz anakua?

Nina habari kubwa. Usiku wa zile mvua mbaya, mwisho wa Aprili, Makalda alipotea. Nilimtafuta chini ya ghala, nyuma ya choo, kwenye maua yote. Siku zikapita, moyo wangu ukawa kama umewekewa jiwe. Nikasema, basi, Barnabas amekuja kuchukua kitu chake. Halafu Ijumaa asubuhi nafungua mlango wa jikoni, huyo hapo, ameketi kizingitini ananitazama. Nilimbeba kama mtoto mchanga.

Lakini mateso yamembadilisha, Emmaculate. Amekonda, gamba limeshuka, si la juu kama zamani. Amekuwa mweusi kama sufuria ya kuni, nimemsugua kwa majani makavu, weusi hautoki, nafikiri ni matope yameingia ndani. Ananuka kidogo. Sukuma hataki tena, nimempa akageuza uso. Nikamrushia omena, akala zote. Sasa amekuwa Mjaluo kamili. Na maajabu mengine: amejifunza kuogelea. Anatoka hapa jikoni mpaka kwenye ua anakata maji kama bata, anarudi. Umri wake wote hakujua, shida imemfundisha. Nilimwambia Pauline, akageuza maneno, akaniuliza bei ya sukuma. Wivu.

Ila mistari ya gamba naona kama imepungua. Uniandikie tena ile karatasi, useme ni kobe wa aina gani hasa, anayeweza kuishi kote kote.

Mama yako,
Leonida


Uriri, Migori
16 Mei 2024

Mama yangu,

Nimesoma barua yako mara nyingi. Nilianza kuandika uongo, nikauchana. Wewe ulinisomesha ili nikuandikie ya kweli, na hata usipoipenda, hii ni ya kweli.

Huyo si Makalda.

Kobe wa nchi kavu hali omena, hata akiwa na njaa. Gamba lake halishuki, mfupa haukondi. Haogelei. Weka mikono yako kwenye miguu ya huyo uliye naye, utakuta vidole vyenye ngozi katikati. Mguse kichwa, utaona anakikunja kando chini ya ukingo wa gamba, hakirudishi moja kwa moja. Kisha umgeuze. Sehemu ya mbele ya tumbo itacheza, anaifunga kama mlango. Ukiona hivyo, ni kobe wa maji, wa matope ya ziwani, wale ambao wavuvi huwatoa kwenye nyavu wakiwatukana. Umri wake siwezi kukuambia, labda ni mtoto wa ziwa wa miaka kumi hivi. Hana kosa. Amekuja mahali anapoishi.

Na hilo ndilo linaloniogopesha, Mama. Kobe wa aina hiyo hapandi kilima kutafuta jiko la mtu. Akiketi kizingitini kwako, na akitoka jikoni mpaka uani anakata maji, basi jiko lako ni ziwa. Uliniambia bila kuniambia. Hayo matofali si ya siafu.

Makalda wetu sijui yuko wapi. Huenda aliona maji akapanda juu, wa nchi kavu wanaweza. Sitakuahidi.

Usinyamaze. Kasirika ukitaka, lakini uniandikie ukiwa umekasirika.

Binti yako,
Emmaculate


Homa Bay
2 Juni 2024

Emmaculate,

Nilikasirika. Nilikaa wiki mbili na barua yako chini ya godoro. Nilisema, huyu mtoto nilimpeleka shule akajifunza kunipokonya.

Jana nikamgeuza. Mlango uko, mwanangu. Aliufunga kidole changu kikiwa pale, taratibu, hakuniumiza. Kichwa alikikunja kando kama mtu anayeona aibu.

Nilikaa naye juu ya kitanda kwa sababu hakuna pengine pa kukaa. Nimemwita Makalda siku hizi zote na hakuwahi kukataa. Nilimweleza habari za Barnabas, za koti, za sufuria ya chai, yeye ananisikiliza na mambo yenyewe hayamhusu. Nililia, sitakuficha. Nilimlilia Makalda, halafu nikaona namlilia baba yako, halafu sikujua tena ni nani. Nikamweka kizingitini. Hakuaga. Aliingia tu kwenye maji, na maji yenyewe yakiwa pale pale mlangoni, yakapita juu yake.

Basi nikuambie ilivyo. Maji yamefika usawa wa goti ndani. Napika juu ya meza. Asubuhi natoka kwa maji mpaka njiani na usiku narudi. Pauline ameniita kwake mara nyingi na mimi nikamwambia nyumba yangu ni kavu. Kaburi la baba yako limebaki msalaba tu, na si wote. Kwa hiyo hata kufagia, nafagia nini?

Nitatoka. Lakini chini ya paa la mkwe sitalala, na hilo usinibembeleze, hata maji yafike shingoni.

Mama yako


Uriri, Migori
6 Juni 2024

Mama,

Nimelia nikamaliza, sasa naandika haraka kwa sababu Terry anasubiri na gunia.

Nilimsomea Nyabuto sentensi yako ya mwisho. Akavaa viatu akatoka. Amerudi jioni. Ng'ambo ya barabara kuna mjane anaitwa Mourine, ana nyumba ya chumba na sebule haina mtu, mlango wake peke yake, jiko lake peke yake, lango lake peke yake. Paa si la mkwe. Nyabuto anasema yeye hatavuka kuingia uani kwako hata siku moja asipoitwa. Alisema pia, "Mama yako ana haki. Nilikuwa nimefikiria chumba, sikufikiria heshima yake."

Jumamosi anakuja kukuchukua. Mguu wangu bado haukubali safari. Mpokee.

Binti yako,
Emmaculate


Uriri, ng'ambo ya barabara
18 Juni 2024

Kwa mwanangu na jirani yangu Emmaculate,

Nakusalimu ingawa asubuhi nilikuona ukianika nguo ukiwa na gongo moja tu. Nimefurahi. Naandika kwa sababu mengine mdomo hauyawezi watu wakiwa wamekaa, na mkono wangu umezoea. Liz atakuvushia hii.

Bwana yako hatakusimulia siku ile, najua, ana heshima. Kwa hiyo nitakusimulia mimi.

Alifika Jumamosi saa nne, na fundi mmoja wa baiskeli. Akasimama mbali kwenye njia, akavua kofia, akaita, "Mama, hodi, mkwe wako amekuja." Maji kati yetu yalikuwa yamepanda wiki ile, yanafika kiunoni kwa mwanamume na kifuani kwangu, siyawezi tena. Mitumbwi hakuna, yote imekwenda kubeba watu wa chini. Pauline alikuwa amesimama juu na wanawake wengine, akasema, "Si akubebe mgongoni, Leonida, maji hayana kanuni." Nikasema, maji hayana, mimi ninayo. Mkwe kunibeba mgongoni, afadhali nibaki nifuge samaki.

Nyabuto akafikiria. Akaniomba ruhusa, akiwa amegeuza uso, kung'oa mlango wangu wa mbele. Nikampa. Akafunga mitungi ya plastiki mitupu chini ya mlango kwa kamba, wakaulaza juu ya maji, ukakaa. Fundi akapakia sanduku, picha ya baba yako, godoro na sufuria. Kisha mimi nikapanda, nikakaa katikati, nimefunga leso mbili, na miguu nimeikunja vizuri kama niko kwenye mkeka wa harusi. Nyabuto akashika kamba, akageuka, akanipa mgongo, akaanza kuvuta.

Hakugeuka, Emmaculate. Njia yote ile, maji kiunoni, anajikwaa kwenye mashina ya katani, anasikia mimi nikikohoa, nikisema pole, nikisema polepole, hakugeuka hata kunitazama kwa jicho la kando. Tulipofika pale kwenye msalaba, mimi sikumwomba asimame. Yeye akasimama mwenyewe. Akavua kofia tena, akaishika na kamba kwa mkono mmoja, akangoja. Nilizungumza na baba yako yale niliyokuwa nayo. Sikufanya haraka. Nilipomaliza nikasema, "Twende, mwanangu," na ndipo nikasikia nimemwita mwanangu. Akavaa kofia, akavuta.

Kule juu Pauline alinipa mkono nishuke. Akanifunga shuka mabegani, akasema, "Mlango wako umekuvusha vizuri." Nikamwambia mkwe wangu ndiye amenivusha. Kwa mara ya kwanza hakubisha. Akaniwekea mkate kwenye mfuko, na akaniambia maneno ambayo sitayaandika kwa sababu yeye na mimi tumeshapatana na sitaki uanze kumpenda kuliko mimi.

Nyumba hii ni ndogo lakini ni kavu, na kitanda hakina matofali. Usiku wa kwanza sikulala, nilikuwa nasikiliza maji hayapo. Alfajiri nikasikia wewe ukimgombeza mtu juu ya maziwa kuungua, na sauti ilikuwa yangu kabisa, ile ya zamani nikimgombeza baba yako. Nikacheka peke yangu gizani.

Sasa, uji unaoniletea kila asubuhi, acha. Sijaja kulishwa. Nimenunua makaa, nimepata mchele na samaki wa Terry, na Mourine amenikopesha sahani. Jumapili baada ya kanisa wewe na Liz mtakuja kula kwangu. Mpite langoni kama wageni, mbishe hodi, na mimi nitawaambia karibuni. Sahani ya Nyabuto nitaifunika kwa kitambaa safi, Liz atamvushia barabara ikiwa bado ina moto. Mwambie kipande cha katikati cha samaki ni chake.

Mje na njaa.

Mama yako, ng'ambo ya barabara,
Leonida